Pita Wewe: Historia ya Programu Zenye Adabu

Kwa wiki tatu, keshia mmoja wa duka la jumla karibu na Nyamakima alilaumiwa kwa kosa langu.

Duka lilikuwa limenipa kazi, mimi kijana niliyetoka chuo juzi, nitengeneze programu ndogo ya risiti. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: malipo yanaingia kwa simu, programu inayasoma, inayalinganisha na mauzo, printa inatoa karatasi. Nyumbani, kwenye laptopu yangu, kila kitu kilienda poa. Dukani, ile saa ya jioni wateja wanajaa na tajiri naye anataka ripoti ya stoku, mashine ilikuwa inakwama. Keshia anabonyeza, anangoja. Anabonyeza tena. Wateja wananung'unika. Tajiri akichungulia kutoka ofisini kwake, swali lake lilikuwa moja tu: "Mbona unajikokota hivi?"

Siku niliyoitwa niliketi kwenye kiti cha keshia, nikafungua ile orodha inayoonyesha kila programu inakula prosesa kiasi gani. Juu kabisa, programu yangu. Asilimia tisini na kitu. Na wakati huo hakukuwa na risiti hata moja ya kuchapisha. Programu isiyo na kazi ndiyo iliyokuwa inatoa jasho kuliko zote.

Sababu niliijua palepale, ila sikutaka kuikubali. Ndani ya programu kulikuwa na nyuzi tatu. Uzi, kwa lugha yetu ya kompyuta, ni mkondo mmoja wa kazi. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi, kila mmoja ukifuata shughuli zake. Uzi wangu wa kwanza ulikuwa wa malipo, wa pili wa printa, wa tatu wa kuweka rekodi. Na hakuna hata mmoja niliouambia "ngoja." Niliuambia hivi: angalia kama kuna kazi, kama hakuna, pisha wengine, kisha rudi uangalie tena. Kule kupisha ni amri halisi. Kwenye Linux inaitwa sched_yield. Uzi ukiitoa, ni kama unasema: prosesa niko nayo mimi, lakini pita wewe kwanza.

Nilidhani hiyo ni adabu. Si ndivyo tulivyolelewa? Kama kitu hukihitaji sasa hivi, mwachie mwenye haja. Nilipoanza kuchimba historia ya hiyo amri ndipo nilipoona kwamba watu wenye akili kuniliko wamebishana juu yake kwa miaka mingi, na swali lao lilikuwa moja: ukisema "pita wewe," huyo "wewe" ni nani?

Tuanze mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba, na ilifanya kazi ya mtu mmoja kwa wakati. Unatoboa programu yako kwenye kadi, unamkabidhi mhudumu, unaenda zako. Majibu unayafuata baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake. Umekosea koma moja? Rudi mwisho wa foleni.

Novemba 1961, katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo unaoitwa CTSS, ukiwa umefungwa kwenye kompyuta ya IBM 709. Watu kadhaa waliketi kila mmoja na mashine yake ya kuchapa, wote wakitumia kompyuta moja, na kila mmoja akahisi ni yake peke yake. Siri ilikuwa vipande vidogo vya muda. Kompyuta inamhudumia huyu kidogo, inamkatiza, inaenda kwa yule, inarudi. Na aliyekatiza hakuwa programu yenyewe. Saa ya mashine ilikuwa ikigonga, na ikigonga, utake usitake, zamu yako imeisha.

Mwaka 1962 walieleza na hesabu ya foleni zao. Programu fupi zilikaa foleni ya juu na kuhudumiwa haraka. Programu iliyomaliza kipande chake bila kumaliza kazi ilishushwa foleni ya chini, ambako ingengoja zaidi, lakini ikifikiwa inapewa kipande kirefu. Kwa hivyo tangu siku za mwanzo kabisa kulikuwa na mtu wa tatu kati ya programu mbili. Nitamwita mpanga zamu. Yeye ndiye anayejua nani yuko kwenye foleni, amengoja kiasi gani, amekula kiasi gani. Programu haikuhitaji kuwa na adabu. Mpanga zamu alikuwa na saa.

Ungefikiri basi mambo yaliishia hapo. Lakini kompyuta za nyumbani zilipofika, wengi walirudi nyuma. Macintosh ya kwanza, ya 1984, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, na ilikusudiwa kuendesha programu moja kwa wakati. Watu walipotaka kuendesha kadhaa pamoja, Apple walileta MultiFinder mwaka 1987. Microsoft nao wakawa na Windows 3.0 mwaka 1990, kisha 3.1 mwaka 1992. Katika mifumo hiyo hakuna aliyekatiza programu nyingine. Programu ilifanya kazi hadi yenyewe iamue kupumzika, na ilipogeuka kuuliza mfumo, "je, kuna mtu amebonyeza kitu?", hapo ndipo mfumo ulipata nafasi ya kuwapa wengine zamu.

Kupisha, wakati huo, ndiko kulikuwa kila kitu. Programu moja ikikataa, au ikisahau tu, wote wanakwama. Waulize wazee wako waliosomea pakeji miaka ya 90. Watakuambia juu ya ile saa ya mchanga kwenye skrini, mshale hausongi, herufi hazitokei, na dawa pekee ni kuzima na kuwasha. Mara nyingi mashine haikuwa imeharibika. Ilikuwa ni kama matatu ambayo dereva ameshuka kununua sigara na hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa usukani.

Na si kwamba watu hawakujua njia nyingine. Unix ilikuwa inakatiza programu tangu miaka ya 70, na Amiga, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1985, nayo ilikuwa inafanya hivyo. Lakini mpango wa kupishana kwa hiari ni rahisi kuujenga, na mwandishi wa programu anajua kabisa kwamba hatakatizwa katikati ya sentensi. Gharama yake ni kwamba kila programu lazima iwe mwungwana. Windows NT iliachana na mpango huo mwaka 1993, Windows 95 ikafuata kwa programu zake mpya, na Apple wakauacha walipotoa Mac OS X mwaka 2001. Saa ya mashine ikarudi kazini.

Sasa hapa ndipo historia yangu inapoanza kuuma. Kama saa inakatiza kila mtu, amri ya kupisha inabaki na kazi gani?

Kiwango cha POSIX cha 1993, kile kinachozihusu kazi zisizovumilia kuchelewa, kilikuwa na jibu safi. Chukua mashine inayoendesha mitambo. Kila uzi umepewa daraja, na kila daraja lina foleni yake. Uzi ukitoa sched_yield, unaenda mwisho wa foleni ya daraja lake. Kama hakuna mwenzake wa daraja hilo anayengoja, unaendelea mwenyewe. Walio daraja la chini hawafaidiki hata kidogo. Umewapisha wa kiwango chako, hukuwapisha wao. Unaweza usipende mpango huo, lakini unaelewa umesema nini. Foleni ipo, mwisho wake unaonekana.

Lakini programu yangu ya risiti haikuwa ya aina hiyo. Wala WhatsApp yako. Sisi ni programu za kawaida, na kwa programu za kawaida mpanga zamu ana uhuru wa kubuni haki yake mwenyewe. Amri ni ileile, jina ni lilelile, lakini maana inategemea nani yuko mezani.

Linux yenyewe ilizaliwa kutokana na suala hili la zamu. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi huko Helsinki, alikuwa anajaribu kompyuta yake mpya kwa kuandika programu yenye mikondo miwili, mmoja ukichapa A kwenye skrini, mwingine B, na mashine ikibadilisha kati yao. Leo kerneli iliyotokana na mchezo huo iko ndani ya kila simu ya Android. Kwa hivyo haya si mambo ya Wafini na Wamarekani peke yao. Ugomvi huu uko mfukoni mwako.

Desemba 2003 lilitoka toleo la 2.6, likiwa na mpanga zamu mpya aliyeandikwa na Ingo Molnár. Fikiria mabenchi mawili. Benchi la kwanza wameketi walio na muda wao bado. Ukiumaliza muda wako, unahamia benchi la pili. Benchi la kwanza likiisha watu, mabenchi yanabadilishana majina na mambo yanaanza upya. Hakuna kutafuta kichwa baada ya kichwa, na kasi ni ileile mkiwa kumi au elfu.

Haya, sasa uzi unasema "pita wewe." Unapelekwa wapi? Molnár aliupeleka benchi la pili, hata kama muda wake haujaisha. Yaani ungoje hadi kila mtu wa benchi la kwanza amalize. Ukilitazama neno kupisha, hiyo ni tafsiri ya haki kabisa: umesema wengine wapite, basi wote wapite.

Aliyeumia ni OpenOffice, ile programu ya bure ya kuandika barua na hesabu. Ilikuwa inapisha ovyo, mara kwa mara, ikitarajia kurudi baada ya muda mfupi kama ilivyozoea. Mashine ikiwa na shughuli nyingine nzito, OpenOffice ilipelekwa mwisho kila mara, na menyu zake zikawa zinafunguka kwa kusuasua. Watumiaji walioona barua zao zimekwama hawakujua habari ya mabenchi. Waliona tu kwamba programu imekuwa mzigo. Wajuzi wa kerneli walisema tatizo ni OpenOffice, irekebishwe. Na walikuwa na hoja. Lakini nikisoma habari hiyo namwona keshia wangu: adhabu imetua kwa aliyeketi mbele ya skrini.

Oktoba 2007, katika toleo la 2.6.23, Molnár aliyaondoa mabenchi yenyewe. Mpango huu mpya uliitwa CFS, na moja ya mambo yaliyomsukuma ni kazi ya Con Kolivas, daktari wa nusukaputi wa Australia aliyeandika wapanga zamu kama jambo la pembeni, nje ya kazi yake ya hospitali. CFS inafanya kazi kama daftari la mweka hazina wa chama. Kila uzi una hesabu yake: umetumia prosesa kiasi gani hadi sasa. Anayefuata ni yule aliyepata kidogo kuliko wote.

Mpango mzuri sana. Ila sasa "mwisho wa foleni" ni wapi? Foleni haipo, kuna daftari. Kama wewe ndiye uliyepata kidogo kuliko wote na unasema "pita wewe," mweka hazina anatazama daftari, anainua macho, anakuambia: lakini wewe ndiye unayefuata. Na kwa kawaida ndivyo CFS ilivyoanza. Uzi ulipisha, hesabu ikasasishwa, na kama bado ulikuwa mbele ungeweza kuchaguliwa uleule.

Safari hii waliolia ni wengine. Programu ya kupima kasi ya mtandao inayoitwa iperf ilishuka kasi, na Molnár alipoifungua ndani alikuta ikizunguka na kupisha, kuzunguka na kupisha, badala ya kungoja kiungwana. Iliwekwa swichi kwenye kerneli ili wenye programu za zamani wapate tabia ya kupelekwa nyuma kabisa. Miaka michache baadaye swichi ikaondolewa, ikaja tabia nyingine tena: mpanga zamu amruke huyu aliyepisha kwa mara hii, kama kumruka hakutaleta upendeleo mkubwa mno.

Ukihesabu, hizo ni maana tatu za neno moja katika muda usiofika miaka kumi. Na kila moja ilikuwa na mantiki yake.

Kisha kuna jambo la viini. Chipu ya leo ina viini kadhaa vinavyofanya kazi sambamba, na kila kiini kina orodha yake ya nyuzi. Uzi unapopisha, unawapisha walio kwenye orodha ya kiini chake tu. Sasa tuseme unangoja kufuli, yaani haki ya kugusa data fulani, na kufuli liko kwa uzi mwingine ambao mpanga zamu ameusimamisha kwenye kiini cha pili. Unaweza kupisha mara elfu. Anayepita ni mtu asiyehusika kabisa, na mwenye kufuli bado amelala. Wewe unajiona mstaarabu, kumbe unapiga foleni ya benki ukingoja mtu aliye kwenye foleni ya posta.

Januari 2020 Torvalds mwenyewe alilieleza hili, na kwa ukali wake wa kawaida. Ilikuwa katika mabishano kuhusu michezo ya video, ambapo mpanga zamu wa Linux alilaumiwa kwa kuchelewesha nyuzi zilizokuwa zikizunguka na kupisha. Jibu lake, kwa ufupi: programu ya kawaida isijifanye inajua nani yuko kwenye prosesa na nani hayuko, kwa sababu haijui. Na amri ya kupisha haiwezi kurekebishwa ikamridhisha kila mtu, kwa kuwa kila mtu aliitumia akitaka kitu tofauti. Hata maelezo rasmi ya amri hiyo kwenye Linux yanaonya kwamba kuitumia katika programu ya kawaida ni dalili ya muundo mbovu. Maelezo hayo yalikuwepo siku niliyoandika programu ya risiti. Sikuyasoma.

Dawa nayo ilikuwepo zamani. Tangu enzi za 2.6 Linux ina kitu kinachoitwa futex, kilichoelezwa hadharani mwaka 2002. Uzi hausemi "pita wewe." Unasema: "nangoja kufuli hili hapa, likifunguliwa, niamshe." Kisha unalala kabisa, haugusi prosesa. Mwenye kufuli akimaliza, kerneli inajua nani alikuwa anangoja nini, na inamwamsha. Mpanga zamu haachiwi kubahatisha.

Oktoba 2023, katika toleo la 6.6, CFS nayo ilianza kustaafu. Aliyeshika nafasi ni EEVDF, mpango unaotokana na utafiti wa Ion Stoica na Hussein Abdel-Wahab wa miaka ya 90, ulioletwa kwenye kerneli na Peter Zijlstra. Kila uzi una tarehe yake ya mwisho, muda ambao unapaswa uwe umehudumiwa, na kati ya wale wanaodai, aliye karibu na tarehe yake anatangulia. Ukipisha sasa, tarehe yako inasogezwa mbele kwa kipande kimoja. Ni tafsiri ya nne, na nadhani ni ya upole kuliko zote. Lakini hata yeye, ukimwambia "pita wewe," bado hajui unamngoja nani.

Siku ile Nyamakima sikuwa najua nusu ya haya. Nilijua tu kwamba nyuzi zangu tatu, kwenye mashine kuukuu yenye viini viwili, zilikuwa zinapisha mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Saa za asubuhi, hakukuwa na wa kumpisha, kwa hivyo prosesa ilirudi kwetu na feni ikavuma bure. Saa za jioni, ripoti ya stoku ilikuwa inagawana mashine na watu watatu wasiofanya lolote ila kusema "pita wewe."

Keshia alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono kiunoni. Akauliza, "Sasa umepata shida ni gani?"

Nikamweleza nilivyoweza. Nikamwambia programu inauliza kama kuna kazi, ikikosa inawapisha wengine, halafu inauliza tena.

"Inauliza mara ngapi?"

"Mara nyingi sana, dada. Kila wakati."

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyemwaga maziwa. "Kwani haiwezi kuketi ingoje iitwe?"

Ilinichukua jioni moja kubadilisha. Nyuzi zote tatu zikaambiwa zinangoja nini, zikalala. Kesho yake programu yangu ilikuwa chini kabisa ya ile orodha, asilimia sifuri, na risiti zilitoka mara tu malipo yalipoingia.

Lakini kulikuwa na jambo jingine la kurekebisha, na hilo halikuwa na amri ya kuandika. Niliingia ofisini kwa tajiri nikamwambia kwamba zile wiki tatu keshia hakuwa anajikokota. Ni mimi niliyekosea. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nitamkata bei. Nikamkatia. Nikamwomba amwambie keshia mwenyewe.

Sijui kama alimwambia. Nilipotoka nilimkuta keshia na wateja wanne mbele yake. Alikuwa ameshika risiti ya wa kwanza, tayari anamwita wa pili.